Diski ya pili kwenye kompyuta ya nyumbani: fungua kasha kabla ya kufungua pochi

Dada yangu anahariri video za harusi na sendofu nyumbani kwake Tabata, kwenye Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, ile ya kusimama. Ndani mlikuwa na SSD moja tu, yaani diski ya chipu isiyo na kitu kinachozunguka, ya gigabaiti 256. Sherehe ikipigwa kwa kamera mbili, tangu saluni hadi ukumbini, inaweza kuja na gigabaiti mia na ushee. Kazi mbili zikishaingia, ya tatu haina pa kukaa. Alinipigia simu akiwa ameshaanza kufuta video za mteja wa mwezi uliopita ili apate nafasi. Nikamwambia, dada, usifute kitu, nisubiri Jumamosi.

Kazi ya mikono haikufika nusu saa. Naieleza hapa kama tulivyoifanya, pamoja na mambo niliyojifunza kwenye mashine nyingine, kwa sababu inaniuma kuona watu wakifuta picha za watoto wao au wakijibana kununua kompyuta nyingine, wakati wanachohitaji ni diski moja na bisibisi ya nyota. Maelezo yanahusu kompyuta ya mezani yenye Windows 10 au 11. Laptopu ina mambo yake, siigusi.

Anzia chini ya meza

Watu wengi huanzia dukani. Nakuomba uanzie kwenye kompyuta yenyewe, maana ndiyo itakayokwambia ununue nini.

Izime kabisa, usiilaze tu. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia na ukishikilie kama sekunde kumi ili umeme uliobaki kwenye pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani, uishe. Chomoa nyaya nyingine zote na uilaze ubavu mahali penye mwanga. OptiPlex hii ina mkono wa kuvuta ubavuni, mfuniko unatoka bila bisibisi. Mashine nyingine nyingi zina skrubu mbili kwa nyuma. Kabla hujaingiza mkono ndani, shika chuma kitupu cha kasha. Umeme tuli wa mwilini unaweza kuua chipu bila wewe kuhisi chochote, hasa kama unaishi kwenye ukavu wa Dodoma au umesimama juu ya zulia. Mimi hurudia kugusa chuma kila nikitoka na kurudi.

Kama vumbi limejaa, lipulize sasa, huku umezuia feni kwa kidole isizunguke.

Sasa angalia pa kuweka diski. Diski za mezani za kuzunguka huitwa za inchi 3.5, SSD za kawaida na diski za laptopu ni za inchi 2.5. Kwa dada tulikuta vyumba viwili vya inchi 3.5, kimoja kitupu, na ndani yake kile kishikio cha plastiki ya bluu kinachobana diski bila skrubu. Angalia kama kwako kipo. Kwenye mitumba kishikio hicho hupotea, na bila hicho diski haina cha kuishikilia.

Kisha tafuta tundu la data kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa kompyuta. Ni dogo, lina ulimi wenye umbo la herufi L, na pembeni yake pameandikwa SATA0, SATA1 na kuendelea; SATA ndilo jina la aina hiyo ya tundu. Diski yenye Windows mara nyingi imekaa kwenye SATA0. Iache hapo hapo, tumia linalofuata lililo wazi. Kwenye 7010 baadhi ya matundu yana kasi ya gigabiti 6 kwa sekunde na mengine 3, lakini kwa diski ya kuzunguka usihangaike kuchagua: tundu la gigabiti 3 linapitisha karibu megabaiti 300 kwa sekunde, na diski ya kuzunguka ya nyumbani haifiki huko. Ila ukiongeza SSD, ipe tundu la gigabiti 6. Kwa mazabodi mpya zaidi zenye SSD nyembamba ya M.2, soma kijitabu chake, kwa kuwa baadhi yao M.2 ikiwa na kitu, tundu mojawapo la SATA huzimwa.

Umeme ndio unaoangusha wengi. Tafuta kichwa bapa cha pini 15, kirefu kuliko cha data, kinachoning'inia kutoka kwenye pawasaplai. Kwa dada kilikuwepo, kimefungwa na kamba ya plastiki nyuma ya diski. Lakini kuna mashine nyingi ndogo za ofisini ambazo pawasaplai yake haina waya hata mmoja wa diski. Umeme unaingia kwanza kwenye mazabodi, halafu unatoka hapo kwa kebo maalumu ya mtengenezaji. Miaka michache nyuma nilikwenda kwa jirani na diski mpya mkononi, nikafungua kasha lake dogo, nikakuta kebo hiyo ina kichwa kimoja tu na tayari kimetumika. Diski ilikaa mezani wiki nzima tukitafuta kebo ya vichwa viwili. Kama ningefungua kasha kwanza, tungeinunua siku moja.

Kuna adapta za kugeuza kichwa cha zamani cha pini nne kuwa cha SATA. Nazikubali zile ambazo kila waya umeingizwa kwenye pini yake na unaonekana ukiingia. Zile ambazo nyaya zote zimemiminiwa plastiki pamoja siziweki ndani ya nyumba ya mtu. Ndani ya plastiki hiyo nyaya huweza kugusana, na zimeshajulikana kuyeyuka na kuwaka moto. Tofauti ya bei haizidi nauli ya daladala.

Piga picha kila ulichokiona: chumba, matundu, nyaya. Ndizo utakazomwonyesha muuzaji.

Dukani

Kwa kuhifadhi video, picha na muziki, diski ya kuzunguka ya inchi 3.5 bado inatoa nafasi kubwa kwa hela ndogo kuliko SSD. Windows na programu zibaki kwenye SSD. Dada tulimchukulia ya terabaiti 2. Kwa anayejaza mafaili makubwa mfululizo kama yeye, angalia kwenye karatasi ya mtengenezaji kama diski ni CMR au SMR. CMR huandika mistari ya data bila kuipandanisha. SMR huipandanisha kama vigae vya paa ili iingie mingi, na ukiiandikia kwa muda mrefu bila kupumzika hupungua kasi sana. Kwa picha za familia huwezi kuona tofauti. Kwa gigabaiti mia za harusi utaiona.

Usishangae Windows ikikuonyesha pungufu. Mtengenezaji anahesabu terabaiti 1 kuwa baiti trilioni moja, Windows inagawanya kwa 1,024 badala ya 1,000, kwa hiyo terabaiti 1 inasomeka 931 GB na terabaiti 2 inasomeka 1.81 TB. Hujaibiwa.

Kwenye diski za mtumba sasa naomba uniazime sikio. Nyingi zinatoka kwenye mashine za kurekodia kamera za ulinzi, ambazo haziandikwi kwa zamu bali usiku na mchana. Mwaka una saa 8,760. Diski iliyokaa miaka mitatu kwenye kamera imekimbia saa zaidi ya 26,000 hata kama ganda lake linang'aa kama limetoka kwenye boksi jana. Mwombe muuzaji aichomeke kwenye kompyuta yake na afungue programu ya bure iitwayo CrystalDiskInfo. Juu kulia utaona saa ilizofanya kazi na idadi ya kuwashwa. Chini kuna mistari mingi. Mimi hutazama mitatu, yenye alama 05, C5 na C6. Wa kwanza unahesabu sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizokufa zikahamishiwa kwenye akiba, wa pili zinazosuasua, wa tatu zisizosomeka kabisa. Namba zake huandikwa kwa mtindo wa kikompyuta unaochanganya herufi, lakini sifuri ni sifuri kwa mtindo wowote. Zote tatu zikiwa sifuri, zungumzeni bei. Hata mmoja ukiwa na namba, mrudishie diski yake kwa heshima na uondoke. Muuzaji akikataa kuichomeka, ondoka pia.

Kabla ya kutoka hakikisha una kebo ya data ya SATA. Diski nyingi huuzwa peke yake bila kebo wala skrubu.

Kuifunga

Rudia yale ya mwanzo: zima, chomoa, shikilia kitufe, gusa chuma. Shika diski kwa kingo zake na usiguse ubao wa kijani ulio chini. Ndani ya lile ganda kuna sahani zinazozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusoma kinaelea juu yake bila kuigusa, kwa nafasi ndogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Diski ikianguka kutoka mezani hadi sakafuni, hata ikiwa imezimwa, inaweza kuwa imekwisha. Ndiyo maana mpwa wangu aliyekuwa akinishikia tochi nilimwomba aiache diski kwenye mfuko iliyokuja nao hadi dakika ya kuingia.

Tanua kidogo kishikio cha bluu, laza diski ndani yake, na vipini vyake viingie kwenye matundu ya pembeni ya diski. Sukuma kwenye chumba, upande wenye viunganishi ukielekea kule nyaya zilipo, hadi usikie "ta" mbili, kushoto na kulia. Vuta kidogo. Isitoke. Kama kasha lako linatumia skrubu, weka nne, mbili kila upande. Skrubu za diski ya inchi 3.5 ni nene, na zile za inchi 2.5 ni nyembamba, kwa hiyo skrubu ikigoma baada ya mzunguko mmoja siyo yake. Usiilazimishe. Na usikaze kama tairi la gari, kaza hadi diski isicheze.

Sasa nyaya. Sogeza macho karibu na nyuma ya diski uone vile vipande viwili vya plastiki nyeusi, kifupi cha data chenye pini 7 na kirefu cha umeme chenye 15. Kila kimoja kimepinda ncha kama herufi L, na kichwa cha kebo kina mfereji unaolingana nacho. Geuza hadi L ikutane na L, kisha sukuma moja kwa moja mbele. Usichezeshe juu na chini kutafuta njia. Kile kipande cha plastiki ni chembamba kama ukucha na kikivunjika pini hubaki wazi bila mgongo wa kuzishikilia. Nimeona diski nzima yenye afya ikiwekwa pembeni kwa sababu hiyo tu. Kebo nyingi za data zina klipu ya chuma ambayo ukitaka kuchomoa lazima uibonyeze kwanza.

Upande wa pili wa kebo uingie kwenye SATA1 au tundu lolote lililo wazi. Pitisha nyaya mbali na feni. Angalia pia kama hukulegeza kebo ya diski ya zamani wakati mkono ukipita, maana hilo hutokea kuliko watu wanavyodhani.

Usifunge mfuniko bado. Simamisha kasha, rudisha skrini, kibodi na umeme, kisha washa huku umetega sikio. Diski nzuri hutoa mluzi mwembamba unaopanda, halafu sauti ndogo za kukwaruza mara moja mbili, kisha hutulia. Ikigonga "tak, tak, tak" kwa mpigo usiobadilika, zima na uirudishe dukani. Na tangu sasa, ikiwa imewashwa, usilisogeze wala kuliinamisha kasha.

Ikigoma kuwaka kama kawaida

Kompyuta ikikwambia haioni mfumo wa kuanzia, au ikawaka na Windows usiyoijua, imejaribu kuanzia kwenye diski mpya. Izime, uiwashe tena na ubonyeze F2 kwenye Dell, F10 kwenye HP au F1 kwenye Lenovo nyingi za mezani, upange diski ya zamani iwe ya kwanza. Humo humo utaona kama diski mpya imetambuliwa. Kwenye Dell kuna orodha ya matundu ya SATA yenye alama ya tiki, na tundu lisilo na tiki huwa limezimwa. Ukiona maneno AHCI na RAID, yaache yalivyo. Kuyabadilisha kunaweza kuifanya Windows yako isiwake, na diski ya pili haihitaji hilo.

Isipoonekana kabisa, badilisha kebo ya data kwanza, halafu tundu. Kwenye uzoefu wangu kebo ndiyo hukosa mara nyingi kuliko diski.

Ndani ya Windows, hapa tembea polepole

Diski mpya haitajitokeza pembeni ya C. Watu wengi hudhani imekufa, kumbe haijapangwa tu. Bonyeza kulia kitufe cha kuanzia na uchague "Disk Management". Kama diski ni mpya kabisa, kidirisha kitakuuliza uianzishe kwa MBR au GPT. Chagua GPT. MBR ni mpango wa zamani ambao hauwezi kuhesabu zaidi ya takriban terabaiti 2, na hakuna sababu ya kujifunga nao leo.

Chini utaona utepe mweusi wenye maneno "Unallocated". Bonyeza kulia juu yake, "New Simple Volume", kisha endelea. Ukubwa uache ulivyo, mfumo uwe NTFS, na tiki ya fomati ya haraka ibaki. Jina lipe lenye maana; dada aliita KAZI.

Herufi usiikubali tu iliyoletwa. Programu za kuhariri video hukumbuka njia nzima ya kila faili pamoja na herufi ya diski. Leo ikiwa E, kesho flashi ikaichukua E, mradi mzima utafunguka ukiwa na madirisha mekundu yanayolalamika kwamba faili halipo. Tuliipa V, mbali na zinakofikia flashi na kadi za kamera, na hatutaibadilisha.

Kama ni mtumba utaikuta ina vipande vya mwenyewe wa zamani. Hapa ndipo watu hupoteza maisha yao ya picha kwa kubofya mara moja. Usiamini kwamba "Disk 0" ndiyo ya Windows, si lazima. Tafuta ile yenye (C:), iandike kwenye karatasi, na hiyo usiiguse. Kisha linganisha ukubwa wa ile nyingine na ulioandikwa kwenye lebo yake. Zikilingana ukubwa, bonyeza kulia kwenye kisanduku cha kushoto chenye neno "Disk", fungua "Properties" na usome modeli. Mimi humwita mtu wa pili asome kwa sauti kabla sijafuta. Baada ya hapo futa kila kipande kinachokubali kwa "Delete Volume" na uanze upya kama ilivyoelezwa juu.

Na kama diski ina vitu vyako vya zamani unavyovihitaji, halafu Windows inataka kuianzisha au kuifomati, kataa. Funga kidirisha na utafute mtu wa kuokoa data kwanza.

Kuhamisha mizigo

Usikate na kubandika. Umeme ukikatika katikati hutajua kipi kimefika na kipi hakijafika. Nakili, ngoja imalize, kisha bonyeza kulia folda ya zamani na ile mpya, ufungue "Properties" za zote mbili na kulinganisha idadi ya mafaili na jumla ya baiti hadi tarakimu ya mwisho. Fungua video tatu nne uzitazame, moja kutoka mwanzo wa orodha na moja kutoka mwisho. Zikilingana ndipo ufute za zamani.

Folda ya Videos ya Windows unaweza kuihamishia huko moja kwa moja: bonyeza kulia, "Properties", kichupo cha "Location", "Move". Lakini tengeneza kwanza folda ndani ya diski mpya na uichague hiyo. Ukiielekeza kwenye V yenyewe bila folda, Windows itaichukulia diski nzima kuwa ndiyo folda ya Videos, na kuitengua ni usumbufu.

Dada aliniuliza swali ambalo nilikuwa nalisubiri: sasa kazi zangu ziko salama? Nikamjibu zina nafasi, usalama bado. Diski mbili zilizo ndani ya kasha moja zinapigwa na radi moja, zinabebwa na mwizi mmoja, na virusi kimoja kinazifikia zote mbili. Mradi uliokamilika na ambao mteja hajauchukua, anaunakili pia kwenye diski ya nje anayoichomoa na kuiweka kabatini chumba kingine. Mteja akishachukua, nakala ya nje inafutwa kupisha nyingine.

Kabla ya kufunga mfuniko tulifungua CrystalDiskInfo mara ya mwisho baada ya saa nzima ya kunakili. Joto lilikuwa nyuzi 41. Ikipita 50 kwenye joto la Januari, nitaanza na vumbi la feni, halafu nafasi kati ya kasha na ukuta. Kisha mpwa aliandika kwenye kipande cha selotepu ya karatasi tarehe ya siku ile, saa za diski zilivyosomeka na herufi V, akakibandika upande wa ndani wa mfuniko.